Mtu wa Pili Asiye na Jina

Wafanyakazi wa Jiji waliibatiza mashine yetu jina la Mama Mkwe, na mimi sikuwakataza, maana kwa kuchungulia mambo ya watu haikuwa na mfano. Ukiingiza mkono kwenye tundu lake inakudunga kidole, inanywa tone moja la damu, na baada ya dakika nne inajua ulikunywa nini Jumamosi, ulivuta nini Jumapili, na jana ulilala saa ngapi. Jiji lilikuwa limeipa mkataba kampuni ya Siha Kazini impime kila mtu ambaye akisinzia kazini watu wanakufa: madereva, wazimamoto, mafundi wa nguzo, na waendesha vikapu vile vinavyovuka bonde hewani kwa kamba za chuma. Kila miezi mitatu walipita kwetu. Mimi, Nyamizi Kasanda, nesi wa siku nyingi, niliwekwa pembeni ya mashine niwatulize watu na nisaini. Hasa kusaini. Sheria haikuiruhusu mashine kumfukuza mtu kazi. Ulitakiwa mkono wa binadamu, na mkono wenyewe ulikuwa huu wangu.

Jumatano hiyo asubuhi aliingia Mwantumu Pazi, mwendesha kikapu namba nne, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, sare imepigwa pasi mpaka inakata.

"Mnyamwezi, fanya upesi," alisema akikaa. "Abiria wameshaanza kununa huko juu."

"Tulia. Damu yenu nyie Wazaramo nusu ni tui la nazi, lazima ichujwe kwanza."

"Subira mnayo nyie wabeba mizigo. Mlitembea miezi mitatu na pembe za ndovu begani, na pembe zenyewe za watu."

Tulikuwa hivyo miaka mitatu. Kabila lake na langu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana adabu wala hanuni. Nilikuwa nampenda, nasema kweli. Katika foleni nzima ya watu waliokuja kwangu wakitetemeka, yeye peke yake alikuja kunitukana.

Aliingiza mkono. Mama Mkwe akamdunga, akanguruma kidogo, na tukaendelea kuchambana mpaka dakika nne zikaisha. Kisha ile sauti yake ya upole ikasema:

"Hakuna kilevi. Hakuna uchovu. Watu wawili. Mtu wa pili hana jina."

Mwantumu akaniangalia. "Watu wawili wapi?"

Kwenye kioo taa nyekundu ilikuwa imewaka, na nilijua maana yake.

*

Karibu miaka yote mitatu ya mkataba madereva walitupiga chenga vibaya sana. Walijibandika kidoleni ngozi bandia yenye kijifuko ndani, na kwenye kijifuko damu ya binamu asiyekunywa hata soda. Mashine ikampima binamu, dereva akarudi kwenye usukani na mataputapu yake. Kampuni ilipogundua, wiki chache tu kabla ya Jumatano hiyo, ikaifundisha mashine kuhesabu watu. Damu moja, mtu mmoja. Ikikuta chembe za mtu mwingine humo ndani, huo ni udanganyifu, na mdanganyifu hafanyi tena kazi na Jiji maisha yake yote.

Waliobuni jambo hilo walikuwa vijana wenye akili nyingi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kubeba mimba. Mtoto akiwa tumboni chembe zake huvuka zikaingia kwa mama. Zikishaingia hazitoki. Zinakaa kwenye mifupa, kwenye ini, hata moyoni, zinagawanyika na kuishi miaka na miaka, mtoto awe yupo au hayupo. Siku ya kwanza ya kuhesabu, Mama Mkwe aliangusha akina mama mia mbili kabla ya saa sita mchana. Vijana wakakimbia kurekebisha. Mashine ikikuta mtoto, imtafute kwenye daftari la vizazi na vifo, na ikimpata imwache mama aende zake. Mimba zilizotoka changa hazina shida, chembe zake ni chache mno. Aliyebaki na shida ni mmoja tu: mama aliyebeba mtoto akakomaa tumboni, na mtoto huyo hakuandikwa popote.

Nilikuwa nimekutana na watatu kabla ya Mwantumu. Mfagia barabara mmoja, mama mmoja wa zimamoto, na msichana wa karakana ambaye alilia mpaka akatapika. Wote watatu niliwasainia udanganyifu. Nilijiambia kwamba kanuni sikuitunga mimi. Nilikuwa nikijua kabisa ninachofanya, na usingizi wangu haukuwa mzuri.

"Mtani," nilimwambia Mwantumu, "umewahi kubeba mimba?"

Utani ukamtoka usoni. "Moja."

"Ulijifungulia wapi?"

"Kambini, ile hospitali ya zamani, kabla hawajaibomoa. Ilikuwa Ramadhani, Ijumaa mchana. Mume wangu alikuwa safarini, jirani ndiye alinifikisha mlangoni akarudi kwa watoto wake. Mtoto hakuwa riziki. Na kizazi nacho kikaenda hukohuko. Kwa nini unaniuliza?"

Niliandika jina la hospitali na mwaka, na jalada lake likafunguka kwenye kioo upande wangu, ambako yeye hakuweza kuona. Karatasi ya zamani, imepigwa picha. Pazi, Mwantumu. Mimba imeharibika, miezi mitano. Damu nyingi. Mama amepona. Chini yake sahihi, ile K yenye mkia mrefu ambayo naiandika mpaka leo.

Miaka mitatu nilikuwa nimeushika mkono wa mwanamke huyu, na sikumjua. Siku ile alikuwa binti wa miaka ishirini, midomo ya kijivu, na mimi sikuwa nikiangalia sura.

"Mashine inasema una chembe za mtoto aliyekomaa," nilisema. "Karatasi inasema mimba ya miezi mitano."

"Miezi mitano?" Alicheka kwa hasira. "Nilibeba tisa kamili. Nilikuwa siwezi hata kuinama kufunga viatu. Aliyeandika mitano ni nani?"

Nikamwambia asubiri nimpigie bosi.

*

Msimamizi wa mkataba alikuwa Bwana Lwitiko, kijana mstaarabu, mwenye sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Nilitoka nje ya chumba, nikasimama karibu na pipa la maji ndipo nikampigia.

"Shikamoo mama," alisema. "Naiona hapa. Kituo cha Bondeni, mtu wa pili hana jina. Saini tu."

"Si mdanganyifu huyu. Alizaa."

"Kama alizaa, tunahitaji jina la mtoto na shahidi. Kifungu cha kumi na nne. Shahidi awe aliyekuwepo uzazi ukitokea, aandike kwa mkono wake kwamba mtoto alikuwepo, na kama alifariki aeleze ilikuwaje. Shahidi yupo?"

Kamba za vikapu zilikuwa zikilia juu ya kichwa changu. Namba nne ilikuwa imesimama kituoni, milango wazi, abiria wanachungulia.

"Akiwepo," nilisema, "na ikaonekana karatasi ya hospitali iliandikwa uongo?"

"Basi aliyeandika atapelekwa kwenye baraza la wauguzi. Leseni hana tena, na kesi juu yake. Mama, kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Jiji wanataka majibu saa sita. Ukikosa shahidi, saini udanganyifu. Mwanamke mmoja, mama. Usijiumize."

Aliongea kwa huruma kabisa, na ndiyo iliyoniumiza. Ningeweza kuingia ndani, nikabonyeza mara moja, Mwantumu akaondoka na aibu yake, na siri yangu ikabaki salama mpaka kaburini. Nani angejua? Mashine ilijua kuna mtu, lakini haikujua ni nani. Aliyemjua ni mimi peke yangu duniani.

Mnafikiri nilikuwa jasiri. Sikuwa. Nilikaa pale kwenye pipa robo saa nzima nikitafuta njia ya tatu. Nifanye mashine iseme imeharibika? Ingempima tena kesho na kumkuta mtoto yuleyule. Nimtungie jina, nimtungie shahidi? Shahidi angetakiwa kuweka kidole chake kwa Mama Mkwe, naye angemjua ni nani na kwamba hakuwahi kufanya kazi Kambini. Sikuiona njia ya tatu. Nilichokiona ni kile kitambaa cha kijani cha wodi ya Kambini, kwenye meza ya karibu na dirisha, kikitikisika.

*

Nilipoingia Mwantumu alikuwa bado ameacha mkono ndani ya tundu, kana kwamba akiutoa kitu kitapotea.

"Utoe mkono, mtani," nilisema. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, magoti yetu yakakaribiana. "Nesi wa Kambini unamkumbuka?"

"Sauti naikumbuka. Sura sikuiona, kila kitu kilikuwa cheupe."

"Ni mimi."

Alinitazama, halafu akatabasamu nusu. "Acha hizo. Kuna vitu havitaniwi."

"Sikutanii."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. Lilibaki usoni peke yake, macho yakiwa yameshabadilika, na sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho. Aliurudisha mkono kifuani, akaushika kwa mkono mwingine.

"Nilikuuliza kitu siku ile," alisema.

"Uliniuliza kama alilia."

"Ukasema hakulia."

Hapa inabidi nieleze kosa langu, na si kwa kujitetea. Mimi ni Mkristo, nimekulia misheni. Mama aliyetoka kupoteza mtoto aliponiuliza kama mtoto alilia, nilidhani anataka nimpunguzie. Nilidhani hakulia ni neno jepesi, kwamba hapakuwa na mtu, kwamba lala mwanangu. Ilipita miaka sita ndipo mjukuu wa jirani yangu alipozaliwa akaishi nusu saa. Nikaona wanamwosha, wanampa jina, wanamvika sanda, wanaume wanasimama safu kumsalia, kitoto cha ukubwa wa mkate. Nikamuuliza mzee mmoja wa msikitini mbona wale wanaozaliwa wamekufa hawasaliwi. Akaniambia kwa upole: akitoka akalia, mama, huyo ni mtu kamili, ana haki zote za maiti. Asipolia, anafunikwa kitambaa na kuzikwa, basi. Nilielewa siku hiyo kwamba yule binti hakuwa akiomba faraja. Alikuwa akiuliza kama ana maiti wa kusaliwa, na mimi nikamnyima. Na baada ya kuelewa nilikaa kimya miaka kumi na sita mingine.

"Alilia," nilisema.

Mwantumu aliukandamiza mkono kifuani.

"Alitoka hana pumzi, ndivyo nilivyoona. Na wewe damu ilikuwa inatoka kama bomba. Nilikuwa peke yangu wodini, daktari alikuwa upasuaji. Nikamweka kwenye meza ya dirishani, nikamfunika kitambaa, nikarudi kwako. Nikaingiza mkono kukibana kizazi. Mkono mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo. Ndipo akalia. Mara mbili. Kitambaa kikatikisika."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Sikwenda. Ningetoa mkono ungekufa wewe. Nilipiga kelele, hakuna aliyekuja. Nilikaa vile mpaka damu ikapungua, na nilipomfikia alikuwa ameshakwenda. Kizazi walikitoa usiku, damu iliporudi."

Nilikuwa nalia sasa, na nilijichukia kwa kulia mbele yake, maana machozi yalikuwa ya kwake na mimi nilikuwa nimemtangulia.

"Hilo silijutii," nilisema. "Hata leo ningekubana wewe. Ninachojuta ni karatasi. Mtoto aliyekomaa akifa panaitwa uchunguzi, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja kazini na sikuwa na wa kunitetea. Nikaandika miezi mitano. Mimba ikishaitwa imeharibika, hospitali inazika yenyewe. Alizikwa nyuma ya jiko la Kambini, kwenye lile eneo la mimba zilizoharibika. Sasa ni kituo cha mabasi."

Nje mtu alipiga mlango akauliza kama foleni imekufa.

"Kwa hiyo mashine inamwona," Mwantumu alisema polepole.

"Inamwona."

"Yuko wapi?"

"Kwenye damu. Kwenye mifupa. Vitabu vinasema hupenda kukaa moyoni, na mahali ulipowahi kuwa na kidonda hukusanyika. Chembe zake ziko hai, mtani. Zinagawanyika mpaka sasa hivi tunavyoongea."

Aliweka kiganja juu ya tumbo, chini kabisa, mahali walipomkata. Akakaa hivyo.

"Miaka ishirini na miwili," alisema mwishoni, "watu wananiita tasa. Mume akaoa mwingine, sikumlaumu. Na mwanangu anatembea na mimi bila jina, bila sala, kama mzigo wa wizi."

"Ndiyo."

"Andika."

Nikavuta fomu ya shahidi. Niliandika kila kitu, saa, meza, kitambaa, mara mbili, na ile miezi mitano ya uongo. Nikaandika jina langu lote na namba ya leseni. Kalamu ilinitii vizuri kuliko nilivyotegemea. Nilipofika kwenye jina la mtoto nikamtazama.

"Mwinjuma," alisema bila kufikiri. "Alizaliwa Ijumaa. Mwinjuma Salehe."

Nikaweka kidole changu kwenye tundu kuthibitisha. Kisha yeye akaweka chake tena. Dakika nne ni ndefu sana watu wawili wakiwa hawana la kusema.

"Hakuna kilevi. Hakuna uchovu," alisema Mama Mkwe. "Watu wawili. Mwantumu Pazi, mfanyakazi. Mwinjuma Salehe, marehemu. Anafaa kazi."

Simu yangu ikaanza kutetemeka papo hapo. Ilikuwa namba ya Lwitiko. Niliiacha itetemeke.

Mwantumu alikuwa amesimama, kikaratasi cha majibu mkononi, na alikuwa akilisoma lile jina kama mtu anayejifunza kusoma. Alipoinua kichwa macho yalikuwa makavu.

"Alifanana na nani?"

Nawaapia, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Kama wewe, mtani, pua hii hii. Ni maneno gani hayo? Hayamgharimu mtu, na angeondoka nayo akayatunza maisha yake yote. Lakini nilikuwa nimeshampa neno jepesi mara moja.

"Sijui," nilisema. "Alipotoka niliangalia pumzi, sikuangalia sura. Niliporudi nilimshika kifua juu ya kitambaa, sikumfunua. Niliogopa. Nikambeba vilevile nikampa mhudumu."

"Kwa hiyo hakuna aliyemwona."

"Hakuna."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na habari aliyokuwa akiijua. Akakikunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa sare, ule wa kifuani, akafunga kifungo. Alifika mlangoni ndipo akageuka.

"Keshokutwa Ijumaa baada ya sala nitaomba wamsalie, hata kama mwili hawana. Halafu nitaweka matanga kwangu, siku tatu, watu wale walale. Nitapika mwenyewe."

"Ni haki yake."

"Na watani watakuja, hamngoji mwaliko nyie. Mtakuja kulala kwenye mkeka wangu na kumtukana marehemu, kwamba alikuwa mvivu, alikataa hata kunyonya, mpaka nicheke. Ndivyo ilivyo tangu mababu, na hakuna Mzaramo anayeweza kumfukuza Mnyamwezi msibani."

Nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitavaa nini, nitabeba nini, nitasema nini kumhusu ili mama yake acheke. Mungu anisamehe, nilijiona nimesamehewa.

"Wewe usije," alisema Mwantumu.

Nikasema sawa, siji. Akaenda kazini, na baada ya dakika mbili nilisikia kikapu namba nne kinaondoka.